Nyumba Iliyokwisha Pangwa: Historia Fupi ya Apartementi za Samani mjini Kinshasa

1. Utangulizi

Mtu apitaye leo katika njia za Gombe, mtaa wa serikali na wa balozi mjini Kinshasa, huona kwenye malango na kuta za majumba ya ghorofa vibao vinavyotangaza, kwa Kifaransa, kwamba ndani mna apartementi yenye samani ya kupangishwa. Anayeingia hukuta kitanda kimekwisha kutandikwa, viti vimezunguka meza, sahani na vijiko vimehesabiwa na kuandikwa katika orodha. Mpangaji wa namna hii haji na kitu ila sanduku lake la nguo.

Kwa mwanafunzi wa lugha jambo hili lina ajabu yake. Katika Kiswahili, kitenzi kupanga kina maana mbili zinazojulikana na wote: kuweka vitu kwa utaratibu, na kukaa katika nyumba ya mtu mwingine kwa malipo. Mpangaji wa kawaida hufanya yote mawili: hulipa kodi, kisha huleta vyombo vyake na kuvipanga anavyopenda. Mpangaji wa nyumba ya samani hulipa, lakini hana la kupanga, maana mwenye nyumba amekwisha kumpangia. Lugha jirani zimelitazama jambo kwa upande mwingine. Kilingala husema kofutela ndako, yaani kuilipia nyumba, na humwita mwenye nyumba nkolo lopango, bwana wa kiwanja. Huku kwetu Lubumbashi, katika mseme wa kila siku, tumechukua maneno ya Kifaransa na kuyapa sauti yetu: lokatere ni mpangaji, bayere ni mwenye nyumba, garanti ni fedha ya dhamana.

Insha hii yakusudia kueleza namna nyumba ya samani ilivyoingia katika mji mkuu wa nchi yetu, ni nani waliokaa humo, na kwa nini. Wengi hudhani kwamba samani ni alama ya utajiri tu. Sisi twaona kwamba, katika historia ya Kinshasa, samani zimekuwa kwanza alama ya muhula: nyumba iliyojazwa vyombo ilikuwa nyumba ya mtu aliyejulikana tangu mwanzo kwamba ataondoka. Jambo hili limeacha athari hata kwa wale wasioingia kamwe katika nyumba hizo.

2. Vyombo kama rehani

Yafaa tuanze na sheria, kwa kuwa mikataba yetu ya kupanga ilizaliwa humo. Sheria ya kiraia ya Wafaransa ya mwaka 1804, ijulikanayo kama Kanuni ya Napoléon, ilitumika pia katika nchi ambayo baadaye ikawa Ubelgiji, maana wakati ule nchi hiyo ilikuwa chini ya Ufaransa. Kifungu chake cha 1752 kilisema jambo ambalo leo laweza kutushangaza: mpangaji asiyeijaza nyumba vyombo vya kutosha aweza kufukuzwa, isipokuwa ametoa dhamana nyingine iwezayo kulipia kodi. Kifungu cha 2102 kilimpa mwenye nyumba haki ya kuwatangulia wadai wengine juu ya vyombo vilivyomo nyumbani mwake.

Maana yake ni wazi. Kabati, kitanda na meza za mpangaji hazikuwa mali yake tu, zilikuwa rehani. Asipolipa, vyombo vingeuzwa. Tena vyombo vizito vilishuhudia nia yake, kwani mtu aliyeleta kabati la mti mgumu hadi ghorofa ya tatu hakusudii kutoroka usiku.

Apartementi yenye samani ilikuwa kinyume cha hayo yote. Humo vyombo ni vya mwenye nyumba, naye ndiye mwenye hofu, kwa kuwa mali yake imo mikononi mwa mgeni. Ndiyo sababu kifungu cha 1758 kiliipa kanuni yake yenyewe: kodi ikitajwa kwa mwaka, mkataba huhesabiwa kuwa wa mwaka, ikitajwa kwa mwezi, ni wa mwezi, ikitajwa kwa siku, ni wa siku. Kwa maneno mengine, anayepanga chumba cha samani hununua wakati uliokatwa vipande.

Tofauti hiyo haikuwa ya Wafaransa peke yao. Katika Uingereza, sheria ya mwaka 1915 iliyozuia kupandishwa kwa kodi iliwakinga wapangaji wa nyumba tupu, ikawaacha nje wale waliokaa katika nyumba za samani. Wapangaji hao wa samani walingoja hadi mwaka 1974 ili wapate kinga ya namna hiyo. Katika muda huo wenye nyumba wengi walitia vyombo vichache chumbani ili kuikwepa sheria. Twaona basi kwamba kiti na meza vyaweza kubadili haki ya mtu.

Mawazo hayo yaliingia kwetu pamoja na utawala. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, iliyotolewa wakati wa Dola Huru la Kongo, ilifuata njia ya sheria ya Ubelgiji, na sehemu kubwa ya dekreti hiyo ingali msingi wa sheria yetu ya mikataba. Lakini sheria iliyotungwa kwa ajili ya miji ya Ulaya ilikuta huku nchi ambayo watawala wake hawakuleta makabati.

3. Kutoka kitanda cha msafara hadi nyumba ya muhula

Stanley alipoanzisha kituo cha Léopoldville mwaka 1881, kila kitu kilichotoka Ulaya kilipanda kutoka Matadi hadi Pool kwa vichwa vya wapagazi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa wa kilo 30 hivi. Hadi reli ilipokamilika mwaka 1898, samani zilizoweza kufika ni zile zilizoweza kukunjwa au kufunguliwa vipande: kitanda cha msafara, meza ya kukunja, kiti cha turubai, chandarua. Mzungu wa siku zile alikuwa na samani zake, lakini zilikuwa samani za njiani. Hata baadaye, alipolala katika vibanda vya wasafiri vilivyojengwa kando ya barabara za mkoani, alikuta kuta na paa, naye akafungua kitanda chake.

Hapo yafaa tukumbuke upande wa mashariki, ambako Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuota mizizi. Majeshi ya Dola Huru yalipouteka mji wa Kasongo katika Maniema, mwezi wa Aprili 1893, daktari Mwingereza Sidney Hinde, aliyekuwa pamoja nayo, aliandika kwa mshangao juu ya nyumba alizoziona: vitanda vya kuchongwa, magodoro ya hariri, vyandarua vizuri, ambavyo hata askari wa kawaida walivilalia. Wale wageni waliingia katika nyumba zilizojaa vyombo bila kulipa kodi na bila kutia sahihi orodha yoyote. Neno lenyewe samani, lenye asili ya Kiajemi, lilisafiri kwa njia za biashara za Bahari ya Hindi. Nyumba yenye vyombo vizuri basi haikuanza Kongo pamoja na Wabelgiji. Kilichoanza pamoja nao ni nyumba ambayo vyombo vyake si vya yule anayevilalia.

Baada ya reli, na zaidi baada ya amri ya mwaka 1923 iliyouhamisha mji mkuu kutoka Boma kwenda Léopoldville, uhamisho uliokamilika mwaka 1929, mji ulihitaji kuwapa makao watumishi wengi. Watumishi hao walikuja kwa muhula, kwa kawaida wa miaka mitatu, kisha wakarudi Ulaya kwa likizo ndefu. Na waliporudi tena Kongo, huenda walipelekwa katika mkoa mwingine. Nani angeleta kabati la nyanya yake kutoka Liège kwa ajili ya miaka mitatu? Serikali na makampuni makubwa yakaona ni afadhali kumpa mtumishi nyumba pamoja na vyombo vya lazima. Mtumishi alipofika, vyombo vilihesabiwa. Alipoondoka, vilihesabiwa tena, na mwingine akaingia.

Hivyo nyumba ya samani katika Kongo ya Wabelgiji ilikuwa kwanza nyumba ya kazi. Haikuwa ya biashara, wala haikuwa ya anasa kwa maana ya leo. Ilikuwa chombo cha utawala, kama vile kofia na baiskeli. Lakini ilisimama katika sehemu ya mji ambamo Mkongomani hakuruhusiwa kukaa, ila mtumishi wa nyumbani katika kijumba cha nyuma. Kati ya mji wa Wazungu na mitaa ya Wakongomani paliachwa eneo la wazi, lenye bustani ya wanyama, uwanja wa gofu na nafasi nyingine tupu.

Tulinganishe na hali ya mfanyakazi Mkongomani. Katika Katanga, kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilianza kuelekea mwaka 1928 siasa ya kuwakalisha wafanyakazi wake kambini pamoja na wake zao na watoto. Mfanyakazi alipewa nyumba na posho. Nyumba ilikuwa tupu. Kitanda na kinu vilikuwa juu yake. Nayo pia ilikuwa nyumba ya kazi, maana kazi ilipokwisha, nyumba nayo ilikwisha. Mzungu alipewa nyumba yenye vyombo kwa sababu ataondoka. Mfanyakazi alipewa nyumba isiyo na vyombo, ingawa yeye ndiye aliyetakiwa akae. Hakuna kati yao aliyekuwa na nyumba. Ni mwaka 1953 tu ndipo dekreti ya serikali ilipomfungulia Mkongomani njia ya kumiliki kiwanja na nyumba yake binafsi kwa hati.

4. Majumba ya ghorofa, 1946–1960

Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, Léopoldville ulikua kwa haraka. Mwaka 1946 lilikamilika jumba la Forescom, lenye ghorofa 10, ambalo huhesabiwa kuwa la kwanza la aina yake katika mji huo. Umbo lake lafanana na omo ya meli. Katika miaka ya 1950, kando ya Boulevard Albert I, yaliinuka majumba mengi ya ofisi na ya kukaa watu. Msanifu Mbelgiji Claude Laurens alilijengea shirika la ndege la Sabena majumba marefu kwa ajili ya watumishi wake. Marubani na wahudumu wa ndege ni watu wa muhula kuliko wote, kwa kuwa wapo leo, kesho hawapo.

Hapo ndipo apartementi, kama tunavyoielewa leo, ilipoingia katika maisha ya mji. Ilikuwa na lifti, maji ya bomba, baraza yenye kinga ya jua, madirisha yaliyopangwa ili hewa ya mto ipite. Ilikuwa pia mwanzo wa soko: makampuni madogo na wafanyabiashara wasioweza kujenga walipanga kwa wenye majumba. Hata hivyo soko hilo lilikuwa la jamii moja. Katika miaka ile ile, tangu mwaka 1952, Ofisi ya Miji ya Waafrika, iliyojulikana kwa herufi OCA, ilijenga maelfu ya nyumba ndogo katika mitaa ya Wakongomani. Nyumba hizo zilikusudiwa zinunuliwe kidogo kidogo kwa mkopo. Zilikuwa tupu, lakini zilikuwa na jambo ambalo apartementi za Boulevard hazikuwa nalo: mwenye kuingia aliweza kuwaza kwamba watoto wake watakaa humo baada yake.

5. Mwaka 1960: vyombo bila wenyewe

Tarehe 5 Julai 1960, siku tano baada ya uhuru, askari wa Force Publique waliasi. Katika siku zilizofuata Wazungu wengi wa Léopoldville walivuka mto hadi Brazzaville, wakaacha nyumba kama zilivyo, vitanda vimetandikwa na sahani kabatini. Kwa muda wa juma moja mji ulijaa nyumba za samani zisizo na wapangaji.

Tarehe 14 Julai Baraza la Usalama liliamua kupeleka majeshi ya Umoja wa Mataifa, na mji ukapokea wageni wa aina mpya: maofisa, wataalamu na waandishi kutoka pande zote za dunia. Makao makuu ya shughuli zao yaliwekwa katika Le Royal, jumba la apartementi kando ya Boulevard. Vyumba vilivyojengwa kwa ajili ya jamaa za Kizungu vikawa ofisi za simu na ramani. Shughuli hiyo ilidumu hadi tarehe 30 Juni 1964. Tangu hapo Kinshasa umejua namna ya pili ya mtu wa muhula: mgeni anayelipiwa na shirika la dunia, kwa fedha ya nje, kwa mkataba usiozidi muda wa ujumbe wake.

Kwa upande mwingine, mawaziri na wakuu wapya wa Kongo waliingia katika nyumba za serikali huko Kalina, sehemu ambayo leo ni Gombe. Nao pia walikuta vyombo vimekwisha kupangwa. Nyumba ya waziri iliendelea kuwa nyumba ya muhula. Aliyeondolewa kazini alipaswa kutoka, na orodha ya vyombo ilisomwa tena.

Katika miaka hiyo hiyo vijana Wakongomani walikuwa wakiishi Ubelgiji katika hali iliyofanana na hiyo. Wanafunzi waliopelekwa Bruxelles walikaa katika vyumba vya kupanga vyenye kitanda, meza na taa, au katika Maison Africaine, nyumba ya wanafunzi iliyofunguliwa huko Ixelles mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kuizunguka nyumba hiyo ulikua mtaa ambao watu waliuita Matonge, kwa jina la mtaa wa Kinshasa. Wengi walidhani watakaa muhula mmoja tu. Wengine walizeeka huko.

6. Dola na garanti, 1973–1993

Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilitangaza kwamba ardhi yote ni mali ya Dola peke yake. Mtu binafsi hupewa haki ya kuitumia: ya daima kwa raia, ya muda kwa mgeni. Tarehe 30 Novemba mwaka huo huo, Rais Mobutu alitangaza hatua ziitwazo zaïrianisation, ambazo kwazo biashara na mashamba mengi ya wageni yalipewa raia, na majumba mengi nayo yakabadili mikono. Kwa mara ya kwanza wenye nyumba wengi katika mji wa juu walikuwa Wakongomani, huku wapangaji wao wakubwa wakiwa wageni. Mambo yalikuwa yamegeuka.

Kisha fedha ikaanguka. Zaïre, iliyozaliwa mwaka 1967 kwa thamani ya dola mbili za Marekani, ilifikia noti ya milioni tano mwezi wa Desemba 1992. Mwezi wa Oktoba 1993 zaïre milioni tatu zikawa zaïre mpya moja. Na mwaka 1994 bei zilipanda zaidi ya 9,000 kwa mia. Mwenye nyumba aliyepokea kodi kwa fedha ya nchi alipokea karatasi. Kwa hiyo kodi ikatajwa kwa dola, kwanza Gombe, kisha katika mitaa mingine.

Pamoja na dola ilikua garanti, yaani dhamana anayotoa mpangaji kabla ya kuingia. Tukumbuke kifungu cha 1752: vyombo, au dhamana nyingine. Katika mji ambamo vyombo vya mpangaji havikuweza kuuzwa kwa urahisi na hukumu ilichelewa, dhamana ya fedha ilichukua mahali pa kabati. Desturi ya Kinshasa ilifikia kudai kodi ya miezi 10. Fedha hiyo haikai katika sanduku. Mara nyingi mwenye nyumba huitumia kumaliza ukuta au kuanza nyumba nyingine. Mpangaji anapotaka kuondoka, hungoja mpaka apatikane mwingine atakayetoa garanti mpya, maana ndiyo itakayomrudishia ile ya zamani. Kati yao husimama komisyonere, dalali mwenye daftari la nyumba, adaiye malipo ya kuonyesha na, wakikubaliana, kodi ya mwezi mmoja.

Uporaji wa mwezi wa Septemba 1991, na ule wa mwanzo wa mwaka 1993, uliongeza jambo jingine. Askari na raia walibeba vitanda, friji, hata mabomba na milango. Wageni wengi walisafirishwa nje. Wenye nyumba waliobaki walijifunza kwamba samani ni mali inayoweza kuondoka kwa usiku mmoja. Na ukuta mrefu, lango la chuma na mlinzi vikawa sehemu ya nyumba kama vile paa.

7. Anasa ya siku zetu

Mwaka 1999 Baraza la Usalama liliunda ujumbe mpya, MONUC, uliogeuzwa kuwa MONUSCO mwaka 2010. Pamoja nao yalikuja mashirika ya misaada, na baada ya Sheria ya Madini ya mwaka 2002, makampuni ya kigeni. Soko la apartementi za samani likafufuka, Kinshasa na hata Lubumbashi, katika mtaa wa Golf. Majumba mapya yalijengwa Gombe. Na kuelekea mwaka 2009 ulianza mradi wa Cité du Fleuve, uliofukia kwa mchanga sehemu ya mto huko Limete ili kujenga nyumba za watu wenye uwezo.

Tukiitazama apartementi ya fahari ya leo, twaona kwamba anasa yake haiko hasa katika viti. Iko katika jenereta inayowaka umeme unapokatika, katika tangi la maji juu ya paa au kisima kilichochimbwa uani, katika mlinzi wa lango, na katika mtu anayelipia hayo yote bila mpangaji kuulizwa. Kodi ya nyumba ya samani ni ghali kwa sababu mwenye nyumba amejifanya mji mdogo: humpa mpangaji yale ambayo mji wenyewe hauwezi kuwapa wakazi wake wote, ambao kwa makadirio wamezidi milioni 15, kutoka watu 400,000 hivi wakati wa uhuru.

Wapangaji nao wamebadilika. Zamani walikuwa watumishi wa muhula wa miaka. Sasa pamoja nao wamo Wakongomani waishio Ulaya na Amerika, wanaorudi kwa arusi, kwa matanga, au kwa likizo, na kupanga kwa juma au kwa usiku. Mtoto aliyezaliwa Kintambo, akalelewa Bruxelles, hulala Gombe katika kitanda ambacho si cha ndugu yake. Si kwamba ndugu wamemkataa. Nyumba ya ukoo imejaa, maji hayapandi, naye amezoea vingine. Lakini wazee huliona jambo hili kwa uchungu, kwa kuwa kwao mgeni wa damu hupangiwa mkeka nyumbani.

Katika mikataba hii kuna mambo matatu yanayoleta magomvi, nayo yote yametoka katika historia tuliyoieleza. La kwanza ni orodha ya vyombo: isipoandikwa na kutiwa sahihi na pande zote mbili siku ya kuingia, siku ya kutoka kila kikombe kilichovunjika zamani huwa cha mpangaji wa mwisho. La pili ni muda: aliyelipa kwa usiku hana haki ya mwezi, hata akikaa nusu mwaka kwa kurudia-rudia. La tatu ni gharama za mafuta ya jenereta: mkataba usiotaja saa za umeme hauahidi umeme.

8. Hitimisho

Serikali ilijaribu kurekebisha mambo. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, juu ya kupanga nyumba zisizo za biashara, iliweka mpaka: garanti ya nyumba ya kukaa isizidi kodi ya miezi mitatu. Kila anayetafuta nyumba Kinshasa ajua umbali uliopo kati ya kifungu hicho na mlango wa mwenye nyumba.

Tumeona kwamba nyumba ya samani iliingia katika mji mkuu wetu kama nyumba ya mtu atakayeondoka: mtumishi wa koloni, rubani, ofisa wa Umoja wa Mataifa, waziri, mhandisi wa madini, na leo mwana wa nchi arudiye kwa majuma mawili. Kwao mji umejenga mambo yake mazuri kuliko yote. Hatusemi kwamba ni kosa. Mji wowote mkubwa huhitaji mahali pa wageni, na kodi yao hulisha mafundi, walinzi na wafuaji wengi. Lakini historia hii ina upande wa pili ambao hauandikwi kwenye vibao. Hofu ya mwenye nyumba mbele ya mtu wa kuondoka imehamia kwa mtu wa kukaa. Mwalimu, muuguzi, karani, mwenye vitanda vyake, sufuria zake na watoto wake shuleni, anadaiwa miezi 10 kana kwamba atatoroka kesho, huku mpitaji wa usiku tatu akikabidhiwa ufunguo na shuka safi kwa sababu shirika fulani au kadi fulani imemsemea.

Sheria ya zamani, kwa ukali wake wote, ilikubali jambo moja: mtu aliyejaza nyumba vyombo vyake ametoa ushahidi kwamba anakusudia kukaa. Mji wetu umeusahau ushahidi huo. Anayetunga sheria za kesho, na sisi tunaofundisha maneno ambayo zitaandikwa kwayo, tungefanya vema kumtofautisha yule anayekuta nyumba imepangwa na yule anayekuja kuipanga. Huyu wa pili ndiye aliyeujenga mji wa Kinshasa, naye hustahili kuaminiwa angalau kama yule wa kwanza.